Kisanduku cha mbele ya gari: bastola, barabara na sheria kule Marekani

Leo nataka tuzungumze juu ya sentimita chache tu. Ni zile zinazotenganisha mkono wa dereva na bastola yake. Kule Marekani, watu wamepelekwa gerezani, wengine wamefunguliwa, wengine wamekufa, juu ya swali moja: ile silaha ilikuwa karibu na mkono ao ilikuwa mbali? Na ilikuwa imefichwa ao ilionekana?

Najua mtauliza: sisi hii inatuhusu nini? Wengi kati yetu tuko na ndugu kule. Kati ya mwaka 2016 na 2019, wakimbizi wa Congo walikuwa kati ya wale waliopokelewa kwa wingi sana Marekani. Wako Louisville, wako Grand Rapids, wako Houston na Dallas. Wanaendesha magari kila siku, juu kule bila gari hata mkate huununui. Na katika mengi ya yale magari yanayopita pembeni yao, iko bastola imelala mahali fulani, karibu na dereva, na sheria inaruhusu. Kwa sisi tuliozoea kwamba mwenye bunduki barabarani ni askari ao ni mutu wa kuogopwa, hii ni ngumu kuelewa. Historia inasaidia kidogo.

Tuanze na Kentucky, kwani ndiko sheria ya kwanza ya aina hii ilitokea, mwaka 1813. Wabunge wa jimbo walikataza mutu kubeba kwa siri bastola ya mfukoni, kisu kikubwa, ao upanga uliofichwa ndani ya fimbo ya kutembelea. (Ndiyo, upanga ndani ya fimbo. Mabwana wa wakati ule walikuwa na akili yao.) Wazo lao lilikuwa hivi: mutu mwema anaonyesha silaha yake, muuaji ndiye anaficha. Leo wengi wanafikiri kinyume, kwamba anayeonyesha ndiye anatisha watu, na anayeficha ndiye mpole. Lakini karne ya 19 ilikuwa na heshima yake nyingine.

Lakini sheria ile ilikuwa na mlango mdogo: haikumgusa mutu aliye safarini. Msafiri aliruhusiwa kuficha. Sababu yake inaeleweka, kwani njia za msitu zilikuwa na wanyang'anyi na hakukuwa polisi wa kuita. Mwaka 1822 tribinali ya juu ya Kentucky ilivunja sheria ile yote, katika kesi ya mutu anaitwa Bliss ambaye alikamatwa na ile fimbo ya upanga. Majimbo mengine hayakufuata hukumu ile. Ila wazo la msafiri lilibaki, na litatufuata mpaka mwisho.

Sasa tuende Texas, mwaka 1871. Vita ya kumaliza utumwa ilikuwa imeisha miaka sita nyuma. Gavana alikuwa Edmund J. Davis, wa chama cha Republican, na jimbo lilikuwa limejaa mauaji, mengine ya vikundi vya wazungu dhidi ya Weusi waliotoka utumwani. Sheria ya mwaka ule ilikataza kubeba bastola mwilini, juu ya tandiko la farasi, ao ndani ya mifuko ya tandiko. Angalieni vizuri hiyo mifuko ya tandiko. Mupanda farasi alinyoosha mkono chini kidogo, akapata silaha. Huyo ndiye babu wa kile kisanduku cha mbele ya gari, mahali tunawekaka papiye za gari, tochi na pipi za watoto.

Na Texas nayo ikamuacha msafiri: mutu anayesafiri aliweza kubeba silaha pamoja na mizigo yake. Ila sheria haikusema msafiri ni nani! Ni lazima uvuke wilaya ngapi? Lazima ulale njiani? Ukisimama kunywa bia, safari imekatika? Kwa zaidi ya miaka 130 tribinali za Texas zilibishana juu ya hilo neno moja. Kama uko mwanafunzi wa sheria na unadhani walimu wako wanakusumbua bure na maana ya maneno, tafuta zile kesi, utawasamehe.

Halafu gari likaja. Ford alianza kuuza Model T mwaka 1908, na katika miaka ishirini hivi farasi akaondoka barabarani. Majambazi nao wakaelewa haraka kuliko polisi: na gari unaiba benki mji huu, unalala mji mwingine. Hapo majimbo mengi yakaanza kuandika neno "gari" ndani ya sheria za silaha. Pennsylvania ilifanya hivyo mwaka 1931: bila kibali, hakuna bastola ndani ya gari. Michigan pia, katika sheria yake ya jinai ya mwaka ule ule wa 1931, ikasema bastola ndani ya gari bila kibali ni kosa, iwe imefichwa ao inaonekana. Gari lenyewe likawa sawa na koti: kila kitu kilicho ndani yake ni kama umekivaa.

Lakini kesi ambayo mimi naona inaeleza yote ni ya Florida. Nisikilizeni vizuri hapa.

Mwaka 1893 Florida ilipitisha sheria ya kukataza mutu kubeba bunduki za kufyatua risasi nyingi bila kibali, na mwaka 1901 wakaongeza bastola. Kibali kilitolewa na wakubwa wa wilaya, na muombaji aliweka dhamana ya dola 100, pesa nyingi sana kwa mutu wa kibarua. Ukiisoma, ile sheria haina neno hata moja juu ya rangi ya mutu. Ni sheria safi, ya wote.

Mwaka 1941 mutu mmoja anaitwa Watson alikamatwa juu bastola ilikutwa ndani ya kisanduku cha mbele cha gari lake. Kesi ilifika tribinali ya juu ya Florida. Majuji wakasema: sheria inakataza kuwa na bastola mkononi ao kuzunguka nayo, na kitu kilicho ndani ya kisanduku hakiko mkononi. Wakamfungua. Mpaka hapo ni mabishano ya sentimita tu.

Ila juji mmoja, Rivers Buford, aliyekuwa prokirere mkuu wa jimbo katika miaka ya 1920, aliongeza maneno yake pembeni. Alisema yeye anajua historia ya ile sheria. Iliandikwa wakati vibarua Weusi walikuja kwa wingi kufanya kazi katika kambi za mbao na za utomvu wa misonobari, na kusudi lake lilikuwa kuwanyang'anya silaha wale vibarua. Haikukusudiwa hata siku moja kwa wazungu, na kwa kweli haikutumikishwa kwao. Akakadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanaume wazungu wa vijijini Florida walikuwa wameivunja, na hakuna aliyewagusa.

Alisema hivyo bila haya, ndani ya hukumu, kama sababu ya kumwachilia mutu! Kila mara mutu ananiambia kwamba sheria fulani ni nzuri kwani inasema "kila mtu", ninamkumbuka Buford. Sheria inaandikwa kwa mutu wote, halafu askari barabarani anachagua atampima nani. Sisi tunaoishi na barieri tunalijua hilo bila kusoma vitabu. Tofauti ni kwamba Buford aliliandika na kutia sahihi.

Miaka 15 baadaye, Montgomery, Alabama. Mnakumbuka mugomo wa mabasi, Rosa Parks, Desemba 1955. Weusi waliacha kupanda mabasi, wakapanga magari ya watu binafsi ya kubebana kwenda kazini. Mchungaji mmoja wa miaka 27 aliyekuwa anaongoza, Martin Luther King, naye alikuwa anabeba watu. Tarehe 26 Januari 1956 polisi walimsimamisha na kumfunga, eti alikuwa anaenda maili 30 kwa saa pahali pa maili 25. Maili tano! Siku nne baadaye, tarehe 30, nyumba yake ilitupiwa bomu, mke wake na mtoto mchanga wakiwa ndani.

King akaenda kwenye ofisi ya sherifu kuomba kibali cha kubeba bastola ndani ya gari. Ndiyo, King yule yule. Wakamkatalia. Yeye mwenyewe ameeleza hilo katika kitabu chake juu ya ule mugomo, na anaendelea kueleza namna yeye na mke wake walizungumza mpaka wakaamua kuondoa hata ile bastola moja ya nyumbani, kwani haiwezekani kuongoza watu bila nguvu ya silaha huku wewe unajilinda nayo. Watu wanapenda kusimulia sehemu ya pili, ya kuiacha silaha. Ni nzuri, ndiyo. Ila sehemu ya kwanza tusiiruke: alitafuta njia ya sheria, akiwa na sababu nzito kuliko mutu yeyote wa mji ule, na ofisi ikasema hapana. Kibali kilikuwa mikononi mwa mkubwa, na mkubwa alitazama nani anaomba.

California nitapita haraka. Mwaka 1967 vijana wa Black Panther kule Oakland walikuwa wanafuata magari ya polisi na magari yao, wakiwa na silaha zinazoonekana, kwani sheria ya jimbo iliruhusu kubeba waziwazi. Bunge likashtuka. Sheria ya Mulford ikakataza silaha yenye risasi mahali pa watu wote, hata ndani ya gari. Gavana aliyetia sahihi ni Ronald Reagan. Kumbukeni hilo jina, kwani mwaka 1986, akiwa sasa rais, alitia sahihi sheria nyingine ya nchi nzima ya kuwalinda wenye bunduki. Ndani yake iko kifungu cha wasafiri: unaweza kuvuka jimbo lenye sheria kali ukiwa na bunduki, kama unakotoka na unakoenda unaruhusiwa, lakini iwe haina risasi na isifikiwe kutoka mahali watu wanakaa. Kama gari halina buti ya nyuma, iwekwe ndani ya chombo kilichofungwa na ufunguo, na kile kisanduku cha mbele hakihesabiwi. Msafiri wa Kentucky wa 1813 aliruhusiwa silaha ili aifikie haraka. Msafiri wa 1986 analindwa kama tu haifikii.

Na kile kisanduku hakikuacha kusumbua. Mwaka 1998 tribinali kuu ya Marekani ilisikiliza kesi ya Muscarello, mutu aliyeuza bangi akitumia gari lake la mizigo, na bastola ilikuwa ndani ya kisanduku cha mbele, tena kimefungwa na ufunguo. Sheria iliongeza miaka 5 ya gereza kwa anayebeba silaha katika biashara ya madawa. Je, alikuwa "anabeba"? Majuji watano wakasema ndiyo, wanne wakasema hapana. Juji Breyer, upande wa walio wengi, alifungua kamusi, Biblia, Robinson Crusoe na Moby Dick kutafuta maana ya neno kubeba. Mimi niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Lakini lile jambo si la kuchekesha kwa mutu anayehesabu miaka yake: mwaka 1941 kule Florida kisanduku kilikuwa mbali na mkono, mwaka 1998 kisanduku kilichofungwa ni sawa na kubeba.

Turudi Texas, kwani ndiko mambo yaligeuka. Tarehe 16 Oktoba 1991, mutu aliingia na gari lake kupitia dirisha la mgahawa wa Luby's, mji wa Killeen, akaanza kupiga watu risasi. Walikufa 23. Suzanna Hupp alikuwa pale na wazazi wake wawili, na wote wawili waliuawa. Yeye alikuwa na bastola, lakini aliiacha nje, ndani ya gari, juu aliogopa kuvunja sheria na kupoteza kibali chake cha kazi ya kunyoosha mifupa. Alisimulia hilo kila mahali walipomwita. Unaweza kubishana naye kama bastola ingebadilisha kitu siku ile. Kumbishia uchungu wake huwezi. Mwaka 1995 Texas ilipitisha sheria ya vibali vya kubeba bastola kwa siri, akaitia sahihi gavana George W. Bush.

Swali la msafiri lilikuwa bado. Mwaka 2005 wabunge walisema: mutu mwema akiwa ndani ya gari lake na bastola imefichwa, tudhani ni msafiri. Baadhi ya waendesha mashtaka wakasema sisi tutaendelea kukamata, tribinali itaamua. Basi mwaka 2007 wabunge wakaacha kabisa lile neno la 1871: ndani ya gari lako, bastola iliyofichwa inaruhusiwa bila kibali, kama hakuna kosa lingine unalofanya, huko kundi la majambazi, na sheria haikukukataza silaha. Tangu Septemba 2021 hata kibali cha kubeba nje ya gari hakihitajiki kwa wengi, na bastola ikionekana lazima iwe ndani ya mfuko wake. Leo zaidi ya nusu ya majimbo 50 yamefuata njia hiyo. Na mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, tribinali kuu ilivunja sheria ya New York iliyomtaka muombaji aonyeshe sababu ya pekee ya kubeba. Ni aina ile ile ya uamuzi wa mkubwa uliomkatalia King. Nakiri, hapo mutu anayependa haki anapata kazi ya kufikiri, kwani hoja ziko pande zote mbili.

Ila tuseme pia juu ya kile chombo chenyewe. Mutu aliyekaa ndani ya gari hawezi kutoa bastola ya kiunoni kirahisi. Mkanda wa kiti unapita juu yake, kiti kinaikandamiza. Ndiyo sababu madereva wanaihamisha: mbele ya tumbo, mlangoni, kati ya viti viwili, chini ya kiti. Na pale ndipo shida nyingine inaanza, kwani kitu kilicho karibu na mkono wako kiko karibu na mikono mingine pia. Aprili 2016, mji wa Milwaukee, bastola iliteleza kutoka chini ya kiti cha dereva. Mtoto wa miaka miwili aliyekaa nyuma akaiokota, risasi ikapita kiti, ikaua mama yake akiwa anaendesha. Bastola haikuwa ya yule mama. Na wezi wanajua: kuvunja kioo cha gari ni rahisi kuliko kuvunja nyumba.

Sasa tufike Minnesota, tarehe 6 Julai 2016. Philando Castile, miaka 32, alifanya kazi katika jikoni la shule ya watoto. Alikuwa na kibali cha kubeba bastola, cha kweli, kilichotolewa na leta. Alikuwa amesimamishwa na polisi zaidi ya mara 40 katika maisha yake ya udereva, mara nyingi kwa vitu vidogo. Jioni ile askari alisema kwenye redio kwamba dereva anafanana na mwizi fulani, juu ya pua yake pana. Alimuomba papiye. Castile akamwambia kwa heshima kwamba yuko na silaha. Askari akamwambia asiitoe. Castile akasema haitoi. Sekunde chache, risasi saba. Mchumba wake alikuwa pembeni, mtoto wa miaka minne nyuma, na yule mchumba akaonyesha yaliyofuata kwenye Facebook wakati ule ule. Juni 2017 juri ilimwachilia askari.

Sheria ya Minnesota haikumlazimisha Castile kusema kitu bila kuulizwa. Alisema kwa hiari, kama walivyofundishwa wengi. Kule Michigan, kinyume chake, mwenye kibali aliyebeba bastola analazimishwa kumwambia askari mara moja. Jimbo hili ni kosa kunyamaza, jimbo lile si kosa, na barabara ni moja. Binamu yangu aliye kule Texas aliniuliza mwaka jana, juu wenzake wa kazini wanamwambia anunue, eti anaendesha usiku sana. Nilimwandikia haya yote, urefu zaidi ya huu. Nikamwambia pia maoni yangu: sheria itapima umbali wa mkono wako na kisanduku, lakini askari atakuwa amekupima wewe kabla hajafika dirishani. Amua ukijua vipimo vyote viwili.

Akanijibu na jina moja tu: Patrick.

Alimaanisha Patrick Lyoya. Mtoto wa Congo, familia yake ilifika Marekani mwaka 2014 kama wakimbizi. Tarehe 4 Aprili 2022, Grand Rapids, Michigan, alikuwa na miaka 26. Askari alimsimamisha, akisema plake haikulingana na gari. Patrick alitoka nje, akajaribu kukimbia, wakashikana, wakagombania kile chombo cha umeme cha askari. Alipigwa risasi ya kichwa akiwa amelala kifudifudi. Hakuwa na bastola yoyote. Baba yake alisimama mbele ya waandishi wa habari, akaongea Kiswahili, na mutu mwingine akatafsiri. Mei 2025 kesi ya askari iliisha bila juri kusikilizana, na wiki mbili baadaye prokirere akatangaza kwamba hataifungua tena.